Foklifti ya dizeli, gesi au petroli: kagua ghala lako kabla ya kukagua mtambo

Kabla hujauliza bei ya foklifti yoyote, nenda ukasimame mlangoni mwa ghala lako wakati lori linanguruma uani, uangalie moshi wake unaelekea wapi. Huku kwetu Mombasa jibu hubadilika na msimu. Wakati wa kusi, ghala lenye mlango wa upande wa kusini humeza moshi wote wa uani. Kaskazi ikiingia, moshi uleule unakwenda kwa jirani. Nina mteja Changamwe ambaye makarani wake hulalamika macho yanawasha kila kusi, na ikifika Disemba wamesahau kabisa. Foklifti ni ileile, opereta ni yuleyule, kilichogeuka ni upepo.

Mimi ni fundi wa foklifti, karakana yangu iko Shimanzi, na kazi yangu nyingi ni maghala ya chai, vigae na saruji, pamoja na yadi za makontena. Watu huja na swali moja: "Fundi, ninunue ya injini au ya betri?" Nami huwarudishia jingine: mtambo utavuta hewa wapi, na utatoa moshi wapi? Foklifti ya injini ni kitu kinachopumua. Faida zake kubwa zinatoka hapo na hasara zake kubwa zinatoka hapohapo. Ukijua itapumulia wapi, nusu ya uamuzi umekwisha, na hiyo nusu nyingine ni hesabu tu.

Jina lake linasema

Mitambo ya Kijapani, ambayo imejaa huku kwetu, hujitambulisha yenyewe. FD25 ni foklifti ya dizeli ya tani 2.5. FG25 ni ya petroli, na mara nyingi imefungwa mfumo wa gesi ya mtungi pia. FB25 ni ya betri. Toyota hutanguliza nambari ya kizazi, kwa hiyo 8FD25 ni kizazi cha nane. Komatsu huiweka mwishoni, kama FD25T-17. Dalali akikwambia "hii ni ya gesi" na ubavuni pameandikwa FD, muulize gesi imeingilia wapi.

Hizo tani 2.5 zinahesabiwa pale kitovu cha mzigo kinapokuwa milimita 500 kutoka uso wa meno, zile chuma mbili za mbele zinazobeba mzigo. Paleti ya mita 1.2 ukiichoma meno kwa urefu wake, kitovu kinasogea hadi milimita 600 na uwezo unashuka. Ukiongeza kifaa cha kubana marobota, unashuka tena. Mifuko 40 ya saruji ya kilo 50 ni tani mbili kabla hujaipima paleti yenyewe. Soma kile kibati kilichopigiliwa mbele ya opereta, si stika ya ubavuni. Hili ni sawa kwa injini na kwa betri, kwa hiyo sitalikalia.

Kwa nini watu bado wanaipenda

Kwanza ni tangi. Foklifti ya dizeli ya tani 2.5 hubeba karibu lita 60. Kwa kazi ya kawaida ya ghala na yadi, mimi huhesabu lita tatu kwa saa, chini kidogo opereta akiwa mpole, juu kidogo akiwa na haraka. Hizo ni saa 20 za kazi, kisha unajaza kwa dakika tano na kuendelea. Betri ya risasi hutaka kama saa nane za kuchaji, na inahitaji kupoa kabla ya kurudi kazini. Anayefanya zamu mbili lazima awe na betri ya pili, na betri ya mtambo wa ukubwa huo ina uzito wa karibu tani moja au zaidi. Haibebwi na vijana wawili. Inataka winchi, chumba chenye hewa, na mtu anayejua kuongeza maji yaliyotoneshwa bila kumwagikiwa na asidi. Meli ikishusha na makontena yakaanza kuingia yadini usiku, hakuna atakayekusubiri uchaji. Zipo betri za lithiamu zinazopunguza shida hii, ila bei yake ya kuanzia huwafanya wateja wangu wengi wakohoe.

Stima nayo huja na kwenda. Ghala la mitambo ya betri lisilo na jenereta, stima ikipotea usiku kucha, asubuhi lina viti vya chuma vyenye magurudumu.

Pili ni ardhi na mvua. Uani kwetu kuna kokoto, mashimo na rampu zilizojengwa na mtu aliyekuwa na haraka. Dizeli yenye tairi za upepo hupanda rampu na mzigo bila kulalamika, na masika ya Aprili na Mei haiisimamishi, mradi maji yasifike kwenye mdomo wa hewa. Mitambo ya betri inayofanya kazi nje ipo, lakini ile mtumba tunayoletewa mingi ilizaliwa kwa sakafu laini iliyo chini ya paa.

Tatu ni fundi. Injini ya Isuzu C240, iliyomo katika foklifti nyingi za TCM na za Kichina, inajulikana na mafundi wengi wa magari. Filta, nozeli, mkanda wa feni, vyote vinapatikana mjini. Kadi ya umeme ya mtambo wa betri ikiungua, unaweza kungoja kipuri kutoka ng'ambo huku mteja wako akikodi foklifti ya watu kwa saa.

Halafu kuna nguvu. Kuanzia tani tano kwenda juu, yadi nyingi hapa hazina hata mjadala: ni dizeli. Na bei ya kununulia, mtambo wa injini kwa kawaida huwa chini kuliko wa betri ukijumlisha betri na chaja. Hapo ndipo wengi husimama kuhesabu, wakatoa hela.

Moshi unaouona na ule usiouona

Watu huogopa dizeli kwa sababu inaonekana. Masizi yanakaa ukutani, shati la karani linakuwa jeusi kwenye kola, na harufu inakwenda nyumbani na mtu. Wana haki ya kuogopa: mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo dizeli ndani ya ghala lililofungwa siikubali, hata kama mwenye ghala ataniambia ni "dakika kumi tu".

Lakini mtambo unaonitia wasiwasi zaidi ni wa gesi. Muuzaji atakwambia gesi ni safi. Ni kweli haina masizi, na plagi na oili hubaki safi zaidi. Ila injini ya gesi, sawa na ya petroli, hutoa kaboni monoksidi, na kama mchanganyiko wake wa hewa umeharibika hutoa nyingi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Dizeli hutoa kidogo kulinganisha na hizo mbili. Basi ghala linaloonekana safi, bila moshi wala weusi, linaweza kuwa ndilo linalomlewesha mtu. Kichwa kinauma, moyo unachafuka, miguu inalegea, na msimamizi anadhani kijana alikesha. Wanaume watatu wakiumwa kichwa siku moja katika ghala moja lenye foklifti ya gesi, usiwape dawa ya maumivu kwanza. Watoe nje, uzime mtambo, ufungue milango yote.

Kipimo cha kaboni monoksidi kinachotundikwa ukutani si ghali ukilinganisha na kuzika mtu. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inapendekeza wastani usizidi sehemu 35 katika milioni kwa zamu ya saa nane. Ning'iniza kipimo, kiweke kimo cha pua ya mfanyakazi, si juu darini. Na injini ya gesi ipimwe moshi wake kwa kifaa kila huduma, siyo kunuswa. Fundi anayenusa ekzosi na kusema "hii iko sawa" anakudanganya, au anajidanganya mwenyewe.

Kontena nalo ni ghala, tena baya kuliko yote. Kontena la futi 40 lina urefu wa ndani wa mita 12 na mlango mmoja. Foklifti ikiingia nusu, yenyewe ndiyo kizibo. Ekzosi iko nyuma, ndiyo, lakini mtambo ukiwa ndani kabisa na vijana wawili mbele wakipanga magunia, wote wanavuta kilekile. Kwa kujaza na kupakua kontena kila siku napendekeza betri bila kusita. Kama huna, vijana watoke wakati mtambo unaingia, na kazi iwe na mapumziko ya nje. Angalia na kimo: mlango wa kontena la kawaida una kama mita 2.28, na paa la chuma la foklifti nyingi liko karibu sana na hapo. Mlingoti, yaani ule mnara wa mbele unaopandisha meno, nao uwe wa aina inayoinua meno kwanza kabla ya wenyewe kurefuka, la sivyo utatoboa dari la kontena la watu.

Kuhusu chai sina mjadala. Mnada wa Mombasa huuza chai ya Kenya na ya majirani wengi, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, na yote hupita katika maghala yetu ikingoja mnunuzi na meli. Chai hunyonya harufu. Mwonjaji aliyezoea kazi ataitambua dizeli kwenye kikombe kabla hujamwambia gunia lililalia wapi. Ghala la chai ni la betri ndani, na kama kuna injini, basi ibaki uani upande ambao upepo unaondoka. Vivyo hivyo kahawa, unga, dawa na vyumba vya baridi. Chumba cha baridi hufungwa ili kibaki baridi, maana yake hakina hewa ya kubadilisha. Injini humo ni marufuku, hata ya gesi.

Mafuta si tatizo unalodhani

"Fundi, hii foklifti yenu inakunywa kuliko lori!" aliniambia mama mmoja mwenye ghala la vigae kule Miritini.

"Mama, tusomeni saa ya injini kwanza," nikamwambia.

Saa ya injini hupanda muda wowote injini inapowaka, iwe inabeba au imekaa. Tukaweka daftari. Opereta aliandika saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na idadi ya paleti. Injini ilikuwa ikiwaka saa nane kwa siku, na kazi yenyewe ilikuwa ya saa tano. Tatu zilikuwa za kunguruma bure, opereta akizungumza na dereva wa lori au akingoja karatasi. Injini ikinguruma bure hula kama lita moja kwa saa. Lita tatu kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni lita 78 kwa mwezi, zaidi ya tangi zima.

Hilo la mafuta ni dogo. Huduma ya oili na filta kwa mitambo mingi ni kila saa 250. Kwa saa nane kwa siku unaifikia katika siku 31 za kazi. Kwa saa tano ungeifikia siku ya 50. Kumbe mama alikuwa akininunulia oili ambayo haikubeba kigae hata kimoja. Na ukija kuuza mtambo, mnunuzi atasoma saa zile zile.

Nikamuuliza opereta kwa nini hazimi. Kijana mwenye adabu, akasema: "Fundi, nikizima haiwaki tena." Betri ya starta ilikuwa imekufa. Nimeliona hili kwenye yadi nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka: mtambo unanguruma mchana kutwa kwa sababu hakuna aliyetaka kununua betri ya volti 12. Kabla hujamgombeza opereta wako, mwambie azime mbele yako, awashe tena.

Kuna na wizi, tusionyeshane haya. Dizeli na petroli hunyonywa kwa mpira. Daftari lenye saa na lita hulimaliza jambo hilo bila kumshtaki mtu: ukiona mtambo uliokuwa ukila lita tatu sasa unakula tano na haujaanza kutoa moshi mweusi, tatizo haliko kwenye injini. Bei ya lita usiibuni. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei za petroli na dizeli tarehe 14 ya kila mwezi, na Mombasa huwa na nafuu kuliko bara kwa kuwa mafuta hushukia hapa. Zidisha bei ya mwezi kwa lita za daftari lako, uone kama mtambo wa betri ungekulipa. Kwa mtu wa zamu moja ndani ya ghala, mara nyingi ungelipa baada ya miaka kadhaa. Kwa mtu wa yadi, mara nyingi haulipi.

Ukishaamua ni injini, ipi?

Dizeli, kama kazi yako ni nje, mizigo mizito, siku ndefu. Ina nguvu injini ikizunguka polepole, na mafuta yake hayawaki kwa urahisi kama petroli. Kelele ni kubwa na mtetemo huingia mgongoni mwa opereta. Kumbuka kwamba pampu ya haidroliki inazungushwa na injini hiyohiyo, kwa hiyo kila anapoinua mzigo anakanyaga mafuta, na kila anapokanyaga, ghala zima linasikia.

Gesi, kama kazi yako ni ya mlangoni, ndani na nje, ghala likiwa na milango mikubwa pande mbili na upepo unapita. Mtungi hubadilishwa kwa dakika chache. Lakini mtungi wa foklifti si wa jikoni. Ule wa jikoni hutoa mvuke kutoka juu. Wa foklifti una bomba la ndani linalotoa gesi ikiwa majimaji, kisha kifaa chenye joto la maji ya injini huigeuza mvuke. Kuna watu hulaza mtungi wa kilo 13 wa jikoni nyuma ya foklifti na kuufunga kwa kamba. Usiwakubalie hata kwa siku moja. Mtungi wa foklifti una tundu la kuingia kwenye pini ya kitako chake, na pini ile ipo ili vali ya kupunguza presha ielekee juu. Ukiulaza vibaya, siku ya joto vali itatema majimaji badala ya mvuke.

Anayebadilisha mtungi avae glavu: propani iliyomo katika gesi hii huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na gesi ikiwa majimaji huunguza ngozi kwa baridi. Maungio yapimwe kwa maji ya sabuni. Mitungi isikae karibu na shimo, mtaro au karakana yenye handaki, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kukaa bondeni kungoja cheche. Jioni opereta afunge mtungi kwanza, aache injini imalize gesi iliyobaki kwenye mpira, ndipo azime ufunguo.

Petroli siipendi, na sioni sababu ya kuficha. Ina kaboni monoksidi kama gesi, hushika moto kwa urahisi kuliko dizeli, huibwa kwa urahisi kuliko zote mbili, na nguvu yake kwenye rampu haifikii dizeli. Ninaikubali tu pale mtambo una swichi ya kutumia gesi au petroli, na petroli inakaa kama akiba ya siku mtungi umechelewa.

Onyo moja kuhusu mitambo mipya kutoka Ulaya. Dizeli nyingi za kule sasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo limetengenezwa kwa dizeli yenye salfa chini ya sehemu 15 katika milioni. Dizeli ya Afrika Mashariki iliwekewa kiwango cha 50 mwaka 2015. Tena chujio hujisafisha kwa joto la ekzosi, na foklifti inayonguruma bure haipati joto hilo. Utaletewa mtambo unaong'aa kama gari la bwana harusi, na baada ya miezi taa inawaka, nguvu inapungua, na mtu anakushauri ulikate chujio. Afadhali FD ya Kijapani ya kizazi cha nyuma kidogo isiyo na chujio, ifanye kazi nje inakostahili.

Siku ya kukagua mtumba

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha weka mkono kwenye kofia ya injini. Ikiwa ya moto, amekuficha jinsi inavyowaka asubuhi. Mwombe muda, ukanywe chai, urudi ikiwa baridi.

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Usikifungue kamwe ikiwa moto. Mafuta yanayoelea juu ya maji, au oili yenye rangi ya maziwa kwenye kijiti, ni gasketi au kichwa cha injini, na hapo bei inaanza upya. Washa. Moshi mweupe wa muda mfupi si neno. Mweupe usioisha ni dizeli isiyoungua au maji yanayoingia ndani. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni hewa kidogo au mafuta mengi, na huenda dawa yake ni filta tu. Sasa fungua kifuniko cha kujazia oili huku injini ikizunguka. Ikipuliza moshi kwa mapigo, pistoni na ringi zimechoka.

Inua mzigo halisi, si meno matupu. Uache juu dakika kumi, uweke alama ya chaki kwenye mlingoti. Ukishuka kwa kuonekana, sili au vali zimekwisha. Pima minyororo: ikirefuka asilimia 3 inabadilishwa. Pima meno kwenye kiwiko, pale yanapopinda. Yakiliwa asilimia 10 ya unene, hutupwa, kwa kuwa upungufu huo mdogo wa chuma huondoa kama asilimia 20 ya nguvu. Watu huchomelea meno kwa welda wa jua kali. Usisimame chini yake.

Halafu iendeshe nusu saa, mbele na nyuma, kwenye mteremko ukiwepo. Gia ya otomatiki mbovu huwa nzuri ikiwa baridi, ikipata moto inachelewa kushika. Mtazame opereta mguu wake wa kushoto: ile pedali ya kusogea polepole wengi huikanyaga nusu mchana kutwa, na hiyo ndiyo huichoma gia. Saa ya injini usiiamini peke yake, hubadilishwa. Tazama mpira wa pedali, kiti na sakafu chini ya miguu. Saa elfu tatu na pedali iliyolika hadi chuma, rafiki yangu, haviendi pamoja. Rahisi huvunja upishi.

Mwisho omba cheti cha ukaguzi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mitambo ya kuinua ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa na DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Kama hakuna cheti, gharama ya kukipata iingie kwenye bei, siyo mfukoni mwako baadaye.

Ukishaileta

Usiitumie kabla ya kubadilisha oili zote, filta zote, kulanti na mikanda, hata kama muuzaji ameapa. Andika saa ya injini kwa rangi kwenye kofia siku hiyo.

Filta ya hewa ndiyo kitu kinachodharauliwa zaidi. Ghala la saruji huijaza kwa siku chache. Ipige upepo kutoka ndani kwenda nje, presha ndogo, na ibadilishe ikifika wakati; kuigonga ukutani hutoboa karatasi, na vumbi la saruji likiingia kwenye silinda, husaga.

Rejeta ina siri yake. Kwenye foklifti nyingi feni haivuti hewa kutoka nje kama kwenye gari. Huisukuma kutoka upande wa injini itokee nyuma kupitia kile chuma kizito. Kwa hiyo uchafu, nyuzi za magunia na vumbi hukaa upande wa ndani usiouona. Kijana akipuliza kutoka upande wa injini anazidi kuukandamiza. Puliza kutoka nyuma kuelekea injini, mtambo ukiwa umezimwa na umepoa. Foklifti nyingi nilizoitiwa kwa "injini inachemka" hazikuwa na ugonjwa mwingine.

Kila asubuhi, kabla ya ufunguo: oili, maji, haidroliki, tairi, minyororo, honi, breki, na chini ya mtambo kama kuna tone. Opereta mmoja, ufunguo mmoja, daftari moja. Na kwa dizeli, hasa huku pwani kwenye unyevu, jaza tangi jioni badala ya asubuhi. Tangi lililobaki nusu usiku kucha hutoa jasho ndani, maji yakashuka chini, na pampu ya nozeli haisamehe maji. Chini ya filta ya dizeli kuna kifundo cha kumwagia maji hayo. Kilegeze mara moja kwa wiki, chupa ya plastiki ikiwa chini, hadi itoke dizeli tupu.